Manowari ya Kumnasia Mpenzi

"Samahani, bwana. Hilo sanduku nimelishika mimi kwanza."

"Umelishika kwa macho, dada. Kwa mkono nimelishika mimi."

"Basi utoe huo mkono."

"Nikiutoa utakimbia nalo. Viatu vyako naviona, vya mbio hivyo."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Mei, na soko la Mtaa wa Charlotte lilikuwa limefurika hadi njiani. Wauza kabichi walikuwa wakizomeana na wauza nyanya, kina mama wa Portsmouth wakisukumana na vikapu vyao vya magurudumu, na mvua ya rasharasha ikimnyeshea kila mtu bila ubaguzi. Mbele ya meza ya vikorokoro, kati ya redio zilizokufa na viatu visivyo na wenzake, mwanamume na mwanamke walikuwa wakivutana sanduku la mbao.

"Wapenzi wangu," akasema mwenye meza, ambaye kila mteja kwake ni mpenzi, "mkilivunja mmelinunua."

Mwanamke aliitwa Lorna Pascoe. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mrefu, koti lake la mvua la kijani limemkaa vizuri kiunoni, kitambaa cha manjano kichwani na rangi nyekundu midomoni, ile aliyoipaka Jumamosi tu. Mwanamume alikuwa Malcolm Treadgold, mnene kidogo, masharubu yamepunguzwa kwa adabu, koti la sufu lenye viraka vya ngozi viwikoni. Macho yake yalikuwa na tabia ya kucheka kabla ya mdomo. Ndani ya sanduku mlikuwa na vibao vyembamba vya mti, vilivyokatwa kwa mikunjo ya kila aina, vile ambavyo wachoraji wa meli wa zamani walivitumia kuchorea ubavu wa chombo.

"Vya kazi gani kwako?" aliuliza Malcolm.

"Mabomba," Lorna akajibu upesi. "Nachora mabomba kwenye kampuni ya maji. Mabomba yana kona. Na wewe?"

"Meno."

"Meno?"

"Natengeneza meno ya bandia. Meno nayo yana kona zake."

Wakacheka wote wawili, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake amemdanganya. Hakuna bomba Portsmouth nzima lililopinda kama ubavu wa meli, wala hajazaliwa binadamu mwenye taya la urefu wa mkono. Mwishowe Malcolm akaliachia sanduku.

"Chukua wewe. Ila utaninywesha chai."

Chai ikanywewa, ikafuatwa na nyingine, na namba za simu zikaandikwa nyuma ya karatasi ya kufungia keki. Lakini hapo hapo mwanzoni, tangu sukari haijakorogwa, Lorna alikuwa keshaanza kujiuliza: mtu huyu anaficha nini?

Swali hilo lilimjia kirahisi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mfichaji mkubwa. Tangu ana miaka ishirini na tano, Lorna alikuwa akibuni manowari. Si za leo; za mwanzo wa karne hii, zile za makaa ya mawe, zenye madohani marefu na mizinga minene. Alizichora kwenye karatasi za miraba, akakokotoa uzito wa kila sahani ya chuma, mwendo wake, makaa yake, na watu wangapi watalala wapi. Meli hizo hazikuwahi kuwako duniani. Zilikuwa mali ya Halvern, nchi ambayo nayo haikuwahi kuwako, na mkuu wa jeshi lake la maji alikuwa Lorna mwenyewe.

Hakuwa peke yake katika wazimu huu. Kulikuwa na chama cha watu kumi na sita, kila mmoja na nchi yake ya kubuni, na hakuna aliyemjua mwenzake. Wote walituma michoro yao kwa mwamuzi, mzee Cattermole, mwalimu mstaafu aliyeishi Ryde ng'ambo ya maji. Kila miezi mitatu mzee alitoa jarida lenye jalada la buluu: nani ameunda nini, nani amepigana na nani, ya nani imezama. Ulimwenguni mwaka ulikuwa 1986. Chamani ulikuwa 1909. Na kanuni ya kumi na moja ilisema wazi: ukimtambua adui yako, na akauacha mchoro wake mahali unapoonekana, una haki ya kuutumia.

Adui wa Halvern alikuwa Sarvonia. Kwa miaka kumi na moja Sarvonia alikuwa amemzamishia Lorna meli mbili nzuri na kumfukuzia ya tatu matopeni. Lorna alimchukia mtu huyo kwa moyo safi kabisa, bila kumjua sura.

*

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia Juni kila jioni saa kumi na mbili simu ya Lorna ililia ukumbini, naye aliacha chochote alichoshika.

"Halo, kampuni ya maji?"

"Hapa ni nyumbani kwa mtu, bwana."

"Nina bomba linavuja kifuani. Naomba fundi wa kike, mrefu, mwenye koti la kijani."

"Fundi huyo ana foleni."

"Nitapanga. Nije na kiti?"

"Njoo na keki, Malcolm. Kiti kipo."

Jumapili walitembea hadi ule mnara wa mviringo penye mlango wa bandari, wakala samaki na chipsi upepo ukiwapeperushia siki puani. Malcolm alimshika mkono mbele za watu. Alimwambia ana shingo nzuri. Mwanamume aliyemtangulia, ambaye nusura Lorna aolewe naye, aliwahi kukuta michoro yake akaionyesha kwa marafiki zake baani, wakacheka hadi machozi. Tangu hapo Lorna aliweka kila kitu ndani ya bomba la karatasi nyuma ya kabati, na hakumwonyesha mtu.

Siku aliyokwenda kwa Malcolm mara ya kwanza, huko Albert Road, juu ya karakana yake, alipita kati ya rafu za meno yaliyokuwa yakimchekea pande zote. Juu palikuwa safi, panapendeza, pana maua mezani aliyoyanunua kwa ajili yake. Malcolm akaenda jikoni kutazama nyama. Lorna akakaa kwenye kochi, akasikia kitu kigumu chini ya mto, akakivuta.

Jarida la buluu.

Akalifungua. Kurasa zote za Halvern zilikuwa zimepigiwa mistari ya penseli nyekundu. Na kwenye ukurasa wa Sarvonia, pembeni pa takwimu za meli mojawapo, palikuwa na mwandiko wa hasira: "Si minane, ni kumi! Mzee amekosea tena." Nani angejua kwamba ni mizinga kumi, kama si aliyeichora?

"Unapenda iive sana au iwe na damu kidogo?" Malcolm aliuliza kutoka jikoni.

"Iive," Lorna akasema. Akalirudisha jarida chini ya mto, akaukalia.

Nyama ilikuwa nzuri, naye hakuionja. Alimtazama mtu huyu akimmiminia mchuzi, akamwona upya. Kwa nini alikuwa pale sokoni, kwenye meza ile ile, saa ile ile? Kwa nini aliliachia sanduku kirahisi hivyo? Kwa nini amemuuliza mara mbili kama ana meza kubwa ya kuchorea nyumbani?

"Hayo sasa ni mambo ya kuulizana," alisema dada yake Gillian, mwenye saluni kule Fratton, huku akimkata nywele. "Muulize: wewe ni nani?"

"Nikimuuliza nami itabidi niseme mimi ni nani."

"Kwani wewe ni nani, mama? Unachora vimashua."

"Manowari, Gillian."

"Haya, manowari. Mwanamume anakuita kila jioni, anakupikia, hajaoa. Wenzako wanalia usiku na mchana wapate hata nusu yake. Wewe unamtafutia jinai."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Na mwenye kuwinda kila siku mwisho hujipiga risasi mguuni. Kaa sawa, nisikukate sikio."

*

Jarida la Julai lilipofika, Lorna alilisoma amesimama mlangoni na koti mwilini. Sarvonia alikuwa ameunda meli mpya. Deraya yake, chuma cha kuzuia risasi, ilikuwa inchi kumi na mbili.

Lorna akakaa kwenye ngazi. Mzinga wake mpya, ambao hakuwa ameutuma kwa mzee Cattermole bado, ungeweza kupasua inchi kumi na moja. Mtu amejikinga na mzinga usiojulikana, kwa inchi moja tu ya ziada! Na mchoro wa mzinga huo ulikuwa nyuma ya kabati, chumba kile kile alichoingia Malcolm mwezi wa Juni kumrekebishia dirisha, akaachwa peke yake nusu saa.

Aliona uchungu, tena mkubwa. Si kwa ajili ya mzinga. Ni kwa ajili ya ile mikono iliyomshika mbele za watu, na shingo iliyosifiwa. Alimpenda, na sasa hakujua alimpenda nani. Akaamua kujua.

Akachora manowari ya uongo. Aliipa jina Grimvald, akaipamba kwa madohani manne mtindo wa Halvern, akaijaza mizinga kumi na minne mizito, yote juu, juu kabisa, kama mwanamke aliyebeba sanduku la vyombo kichwani huku amevaa viatu vya visigino. Haikuwa meli, ilikuwa jeneza. Lakini mwenye haraka ya kuiba asingekokotoa, angekimbilia kuunda dawa yake, meli ya kuishinda, na katika jarida la Oktoba Sarvonia angejianika mwenyewe.

Jumamosi moja ya Agosti akamwalika Malcolm. Mchoro ukawekwa mezani chini ya kitabu cha mapishi, ncha moja nje, na juu ya kitabu Lorna akaweka punje moja ya chumvi. Akavaa gauni lake la buluu lenye vifungo vyeupe, akapaka manukato. Malcolm alipofika alisimama mlangoni akamtazama kuanzia nywele hadi viatu.

"Loo! Leo nani kafa, nimrithi?"

"Acha maneno. Kaa hapo, naenda kuleta chipsi."

"Twende wote."

"Kuna foleni. Wewe pumzika."

"Lorna, nimekaa wiki nzima nikitazama midomo ya watu. Niache nikutazame wewe, hata kwenye foleni."

"Pumzika, nimesema!"

Akaenda. Alisimama nje ya duka la chipsi robo saa nzima, hana haja ya kusimama, akiomba kwa Mungu punje ile aikute. Aliporudi, kitabu kilikuwa mahali pake. Punje haikuwapo.

Malcolm alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, lakini uso umembadilika. Alikula chipsi nne. Aliulizwa kama ni mgonjwa, akasema kichwa. Akambusu shavuni bila kumtazama, akaondoka kabla ya saa mbili, jua la kiangazi bado liko juu ya mapaa. Lorna alisikia hatua zake zikiteremka ngazi haraka haraka, mwendo wa mtu aliyebeba kitu.

Asubuhi Lorna ndiye aliyepiga simu.

"Malcolm."

"Kipenzi, nilikuwa nataka kukupigia. Kuna jambo..."

"Hongera, Sarvonia."

Simu ilikuwa ikivuma tu.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Malcolm, sauti imeshuka.

"Tangu Juni. Na wewe umenijua tangu lini? Tangu sokoni? Ulinifuata, sivyo? Dirisha langu ulilitengeneza kweli, au lilikuwa kisingizio?"

"Dirisha? Lorna, dirisha linahusu nini? Nisikilize, ni jana tu ndipo nilipojua..."

"Jana ulichungulia!"

"Nilichungulia, ndiyo. Lakini..."

"Basi. Nilichotaka kusikia nimekisikia."

Akakata. Simu ikalia jioni hiyo saa kumi na mbili, na iliyofuata, na wiki nzima. Akawa anakwenda kuoga saa hiyo ili asiisikie. Barua tatu zikaja, akazirudisha hazijafunguliwa. Gillian alimwita punda. Lorna hakubisha. Alikula mkate mkavu akiwa amesimama, akaenda kazini kuchora mabomba yake, akarudi, akakaa mbele ya mchoro wake wa kweli, wa meli aliyoiita Ingrith, uliokuwa umemchukua miezi sita. Ndiyo meli nzuri kuliko zote alizowahi kubuni. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

*

Jarida la Oktoba lilikuja siku ya Ijumaa. Aliichana bahasha kwa meno, akitafuta dawa ya Grimvald. Kwenye ukurasa wa Sarvonia palikuwa na mistari miwili tu: "Sarvonia amejitoa katika mchezo. Meli zake zote ishirini na mbili zimezamishwa na mwenyewe, kama kanuni inavyotaka kwa anayejitoa."

Alisoma mara tano. Kisha akampigia mzee Cattermole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Halvern!" mzee akafurahi, kwani kwake watu wote ni nchi. "Mkuu wa jeshi la maji anapiga simu mwenyewe! Kuna vita?"

"Mzee, Sarvonia amejitoa kwa nini?"

"Ameniandikia Agosti. Akasema jarida likishatoka, ukiuliza nikusomee; usipouliza, ninyamaze. Ngoja nivae miwani." Karatasi zikachakarika. "Anasema hivi: 'Mzee mwamuzi, nimeuona mchoro wa Halvern. Hakunionyesha, niliinua kitabu mwenyewe, na kosa ni langu. Kanuni inaniruhusu kuutumia. Siutumii. Meli ile itapinduka siku ya wimbi la kwanza. Nikimwambia, atajua nilichungulia. Nikinyamaza, mabaharia wake mia saba watakufa maji. Akikuletea meli hiyo, mwambie wewe apunguze uzito wa juu. Mimi siwezi kupigana na mtu ninayempenda, kwa hiyo natoka.' Basi. Mia saba, bibie! Wasiokuwako! Mimi mzee nililia."

Lorna alilivuta jarida la Julai.

"Na ile meli ya Julai," alisema polepole, "ya deraya ya inchi kumi na mbili. Mchoro wake ulikufikia lini?"

"Wiki ya Pasaka. Nakumbuka, uliniharibia pudini, niliukokotoa mezani."

Pasaka ilikuwa Machi. Sokoni ilikuwa Mei.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na safari hii aliyenasa alikuwa mwenye mtego. Jioni ile Lorna hakula hata ule mkate.

*

Jumamosi asubuhi aliingia karakana ya Albert Road na bomba lake la karatasi chini ya kwapa. Hakuwa amepaka rangi ya midomo. Malcolm alikuwa kwenye benchi amevaa aproni, anasugua taya la chini la mtu. Alikuwa amekonda. Masharubu yalikuwa yameota ovyo.

"Bi Pascoe," alisema. "Karibu. Una jino?"

"Usiniite hivyo."

"Sarvonia amekufa. Kama umekuja kushangilia, umechelewa wiki nane."

"Nimekuja kusema kweli. Grimvald ilikuwa mtego, Malcolm. Niliichora makusudi ili nione kama utaiiba. Nilikuacha peke yako makusudi. Hata foleni haikuwapo. Na juu ya kitabu niliweka punje ya chumvi, nijue kama utakiinua."

Taya likatulia mkononi mwake. Aliliweka chini, akavuta droo, akatoa karatasi saba zilizojaa hesabu, mistari imefutwa na kuandikwa tena.

"Hizi ni kazi yangu ya usiku, wiki nzima. Nilikuwa nikiitafutia dawa. Nilipanua ubavu futi mbili, nikaishusha mizinga ya mbele. Kila nikigusa, inapinduka. Nikasema, maskini Lorna, atalia atakapojua."

"Haikuwa mgonjwa. Niliizaa maiti."

"Kwa hiyo nimezamisha meli ishirini na mbili, kazi ya miaka kumi na moja, kwa ajili ya punje ya chumvi?"

"Uliiona punje?"

"Niliiona baadaye, kwenye mkono wa shati langu. Nikadhani ni ya chipsi." Alicheka kidogo, bila furaha. "Na leo kimekuleta nini?"

"Nilimuuliza mzee. Ile meli ya Julai uliituma Pasaka, kabla hatujaonana. Nilikusingizia."

"Ahaa. Kwa hiyo umeiamini tarehe." Akachukua taya lake tena. "Mimi hujaniamini."

Neno hilo lilimchoma Lorna mahali pake hasa, kwa sababu lilikuwa kweli. Alisogeza meno ya watu pembeni, akatoa karatasi kubwa kutoka kwenye bomba, akaikunjua juu ya benchi, akaikandamiza kona nne kwa mataya manne ya plasta.

"Hii ni Ingrith. Ya kweli. Hakuna mtu aliyewahi kuiona. Jumatatu naituma Ryde."

Malcolm akageuza uso. "Ifunge. Kesho utasema nimeiiba."

"Huna nchi ya kuipeleka."

"Basi unanionyesha kwa kuwa sina tena pa kuuma. Hiyo nayo si imani, Lorna."

"Nakuomba uitazame. Nitafutie kosa. Sina mwingine ninayetaka aione."

Malcolm akafuta mikono, akainama. Alitazama omo, mbele ya meli, akatazama tezi, nyuma yake, kidole chake chenye nta ya ufizi kikitembea juu ya karatasi bila kuigusa. Lorna aliuona uso wake ukilainika, ukashangaa, ukapendezwa, na moyo wake ukavimba kwa fahari. Halafu kidole kikasimama katikati.

"Ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuunda," alisema. "Na itapinduka."

"Nini?"

"Hii nayo itapinduka."

Damu ilimpanda Lorna masikioni. Moyo wake ulikuwa na mazoea yake, na mazoea yakaamka palepale. Bila shaka angesema hivyo! Amepoteza ishirini na mbili, sasa anataka na hii. Analipiza kisasi. Au mkononi ana nchi nyingine, jina jingine. Miezi sita, na imebaki siku mbili tu.

"Umeikokotoa imejaa makaa," Malcolm akaendelea, taratibu, kama anayemwambia mtu habari ya msiba. "Makaa umeyaweka chini kabisa, ndiyo yanayoishikilia. Ikitoka bandarini ni malkia. Siku ya nne makaa yamekwisha, chini kutupu, juu mizinga mizito ile ile. Itayumba kama mlevi. Kila mmoja wetu hufanya kosa hili mara moja. Mimi lilinizamishia meli yangu ya kwanza."

Ndani ya mkoba wa Lorna mlikuwa na rula yake ya hesabu. Dakika kumi tu zingetosha kujua kama mtu huyu anasema kweli. Aliufungua mkoba, mkono ukaingia, ukaigusa rula. Malcolm aliuona mkono ule, akasubiri tu, amenyong'onyea, kama aliyezoea.

Lorna akatoa kifutio.

"Kipi kiondoke?" aliuliza.

"Mnara wa kati wa mizinga. Wote."

"Futa."

"Hutaki kuhesabu kwanza?"

"Sitaki. Futa wewe, mimi sitaweza."

Malcolm alimtazama sana. Kisha akakipokea kifutio, akaanza kufuta miezi sita ya mwenzake, polepole, akipuliza vumbi lisichafue. Lorna alilia waziwazi, na hakujua kama analilia mnara au anamlilia yeye.

"Nakupenda," alisema, puani kumeziba. "Nilikupenda hata nilipodhani wewe ni mwizi, ndiyo sababu iliniuma vile."

"Mimi nilikupenda hata uliponirudishia barua. Ya tatu ilirudi na alama ya kikombe cha chai juu yake."

"Niliiwekea kikombe nisiifungue."

Malcolm akacheka, safari hii macho yakitangulia.

"Mzee Cattermole ana kanuni ya kumi na nne," Lorna akasema, akijifuta kwa ncha ya kitambaa chake. "Nchi moja yaweza kuwa na wakuu wawili, mradi wanaishi nyumba moja."

"Naijua. Nilipiga kura ya kuipinga." Aliacha kufuta. "Unaniposa, au unaniajiri?"

"Nakuposa. Wa kuajiri sina mshahara."

"Na nikikubali, utakuwa ukinikagua mifuko?"

Lorna alifikiri, kwani alikuwa ameapa asiseme tena uongo ndani ya karakana ile.

"Mwanzoni, ndiyo."

"Haya," akasema Malcolm. "Nimekubali. Nipe penseli."